Kuchacha si Kuvunda: Vijidudu Vinavyolinda Chakula

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri)

 

 Nimepewa nafasi niseme jambo litakalofaa nyumba zetu mwezi huu wa Ramadhan, nami nimechagua chakula. Si mapishi, maana mama zetu waliokaa hapa wananishinda kwa mbali. Nataka tuzungumze kuhusu chakula kinavyokaa bila kuharibika, hasa katika nyumba isiyokuwa na friji, au ile yenye friji lakini stima inakwenda na kurudi.

Kila Ramadhan twapika kingi. Futari inabaki, maziwa yanabaki, na asubuhi vingi vinatupwa. Wakati mwingine kilichofaa kutupwa ndicho kinacholiwa daku, na mtoto anashinda akiendesha. Mambo haya mawili yanatokana na kutojua tofauti baina ya chakula kilichochacha na chakula kilichovunda. Bibi zetu walikuwa wakiijua tofauti hii kwa mikono yao. Leo, inshallah, tuijue na sababu zake.

Ni nani wanaofanya kazi hii?

Ukiacha maziwa mabichi nje kwa siku moja, hugeuka makali na kuganda. Kinachoyageuza ni bakteria, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Kuna jamii yao moja inayokula sukari na kutoa asidi. Sukari ya maziwa huitwa laktosi, na asidi inayotoka huitwa asidi ya laktiki. Jina hilo limetokana na neno la Kilatini la maziwa, kwa sababu asidi hii iligunduliwa ndani ya maziwa makali na Carl Wilhelm Scheele wa Sweden mwaka 1780. Lakini Scheele hakujua inatoka wapi. Mwaka 1857, Louis Pasteur alieleza mbele ya wanasayansi wa mji wa Lille, Ufaransa, kwamba uchachu huo ni kazi ya viumbe hai.

Tangu hapo bakteria hawa wamepewa majina mengi. Vijana mnaosoma bayolojia mmeyakuta majina ya Lactobacillus, Lactococcus, Leuconostoc na Streptococcus. Mjue pia kwamba mwaka 2020 wanasayansi waliigawa ile jamii kubwa ya Lactobacillus ikawa jamii 25, kwa hiyo yule aliyeitwa Lactobacillus plantarum kwenye vitabu vya zamani sasa ni Lactiplantibacillus plantarum. Jina limebadilika, kazi yake ni ile ile.

Bakteria hawa wako kwenye majani ya kabichi, kwenye unga wa wimbi, ndani ya kibuyu cha maziwa, na ndani ya matumbo yetu pia. Wakalenjin wana mursik yao, Wamasai wana maziwa yao ya kibuyu, ndugu zetu Wasomali wana susa ya maziwa ya ngamia na anjera, Wahindi wana dosa na idli, na sisi sote tuna maziwa lala na uji mkali. Watu hawa wote hawakukaa darasa moja, lakini kazi wanayoitegemea ni moja.

Kwa nini asidi inalinda chakula?

Wataalamu hupima uchachu kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi ni 7, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo kitu kinavyokuwa kikali. Maziwa yaliyokamwa sasa hivi yako karibu na 6.7. Yakishakuwa lala hufika karibu 4.5. Kabichi iliyochachishwa vizuri kwa chumvi hushuka chini ya 4. Bakteria wengi wanaoozesha chakula na wanaomgonjesha binadamu hawawezi kuongezeka katika ukali huo. Yule mbaya kabisa, Clostridium botulinum, ambaye sumu yake hupooza mwili, hawezi kukua pH ikiwa chini ya 4.6.

Tena si asidi peke yake. Baadhi ya bakteria hawa hutoa kemikali nyingine za kuwazuia wapinzani. Mojawapo, nisini, ilianza kuonekana na watafiti wa Marekani mwaka 1928, na leo viwanda huitia katika jibini na vyakula vingine. Ukisoma karatasi ya jibini ukakuta E234, ndiyo hiyo.

Sasa hebu tufanye hesabu. Bakteria mmoja akipata chakula na joto zuri anaweza kugawanyika kuwa wawili kwa kila dakika 20. Kwa saa 8, yaani tangu baada ya tarawehe mpaka karibu na alfajiri, yule mmoja anaweza kuwa zaidi ya milioni 16. Basi jambo kubwa ni nani aliyetangulia kuingia chomboni, na umemwandalia nani mazingira. Wakitangulia wale wa asidi, chakula kitachacha. Wakitangulia wa uchafu, kitavunda, na pengine hutaona dalili yoyote kwa macho wala kwa pua.

Mambo manne ya kushika

Kwanza, usafi. Chombo kioshwe kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yaliyochemka. Mikono vile vile. Ukitumia chombo chenye mabaki ya jana, umeanza na vijidudu usivyovijua.

Pili, chumvi au mbegu. Mboga hutiwa chumvi, kwa sababu bakteria wa asidi huivumilia chumvi kuliko wengi wa waharibifu. Maziwa hutiwa mbegu, yaani vijiko viwili vitatu vya lala iliyo nzuri, ili wale tunaowataka watangulie wakiwa wengi.

Tatu, kuzuia hewa. Bakteria wa asidi hawaihitaji hewa, lakini ukungu unaihitaji. Ndiyo maana mboga lazima izame ndani ya maji yake, isielee juu.

Nne, joto na wakati. Mombasa au Garissa mambo huenda haraka, Limuru huenda polepole. Usihesabu saa tu. Onja na unuse, kisha kikishafika unapotaka kiweke mahali pa baridi.

Tuchukue mifano mitatu ya nyumbani.

Maziwa lala. Chemsha maziwa, yaache yapoe mpaka yawe na joto la kawaida la chumba. Lita moja itie vijiko vikubwa viwili au vitatu vya lala mpya, koroga, funika, acha usiku kucha mpaka saa 12 au 24 kulingana na joto. Mtindi wa yogati ni tofauti kidogo, kwa sababu bakteria wake hupenda joto la nyuzi 40 hadi 45 na humaliza kazi kwa saa chache. Pia mbegu lazima iwe hai. Maziwa ya pakiti yaliyopashwa moto tena baada ya kuchacha hayawezi kuzaa mengine.

Kabichi. Ikate nyembamba, uipime, na kwa kila kilo moja tia gramu 20 za chumvi, ambayo ni karibu kijiko kikubwa kimoja kilichosawazishwa. Ifinye kwa mikono mpaka itoe maji, ishindilie ndani ya chupa ya kioo, na uweke kitu kizito juu ili maji yaifunike. Usikaze kifuniko, maana itatoa gesi. Kwa joto la Pwani, baada ya siku tatu nne utaanza kuonja ukali. Wajerumani huhifadhi kabichi kwa njia hii, na Wakorea hufanya hivyo hivyo wakiongeza pilipili na kitunguu saumu.

Uji. Unga wa wimbi au mahindi huchanganywa na maji, ukafunikwa siku moja au mbili, kisha ukapikwa. Moto huwaua bakteria, lakini asidi waliyoiacha inabaki, na kwa hiyo uji mkali hukaa salama kwa muda mrefu kuliko uji mtamu. Mama wenye watoto wadogo wanisikilize hapa. Mwaka 1994, watafiti Lorri na Svanberg walichapisha utafiti walioufanya Tanzania, na walikuta kwamba watoto wadogo waliokuwa wakipewa uji uliochachishwa waliharisha kidogo kuliko wale waliopewa uji usiochacha. Isitoshe, kuchacha hupunguza zile kemikali za nafaka zinazozuia mwili kupata madini ya chuma. Uji ambao vijana wengine wanauona wa kishamba una faida ya kisayansi ndani yake.

Sasa neno juu ya achari. Si kila kilicho kikali kimechacha. Achari ya embe iliyotiwa siki inalindwa na asidi ya siki ambayo ni nyingine, na ndimu inalindwa na asidi yake yenyewe pamoja na chumvi. Zote ni njia za kuhifadhi, lakini chumvi yake ni nyingi. Mwenye presha asizidishe, na anayefunga ajue kwamba achari nyingi wakati wa daku itamletea kiu mchana.

Na je, suala la ulevi?

Najua swali hili lipo, na wengine wameshaniuliza. Kwamba kama kuchacha ndiko kunakoleta pombe, je, lala na uji mkali vinakuwaje?

Sisi tuliopita madrasa tunajua kwamba neno khamr lina mizizi mitatu: kha, mim na ra. Maana yake ya asili ni kufunika. Kutoka mizizi hiyo hiyo tumepata khimari, nguo inayofunika kichwa, na pia hamira tunayotia kwenye mahamri. Wanazuoni wa lugha wakasema khamr imeitwa hivyo kwa sababu inafunika akili. Kwa hiyo hata katika lugha, kuumuka kwa unga na kulewesha ni ndugu wa jina, lakini hukumu zao ni mbali mbali.

Kisayansi pia wafanyakazi wao ni tofauti. Pombe hutengenezwa hasa na hamira, ambayo ni jamii ya kuvu. Bakteria wa laktiki kazi yao kubwa ni kutoa asidi. Wako baadhi wanaotoa pia gesi na kiasi kidogo mno cha pombe, lakini si kiasi cha kumlewesha mnywaji wa lala. Mfano ulio karibu nasi ni maji ya mnazi yanayogemwa kwenye kilele. Asubuhi ni tembo tamu. Kwa saa chache tu hamira inaibadilisha sukari yake kuwa pombe, na jioni ni tembo kali la kulewesha. Likiachwa siku nyingi, bakteria wengine wanaohitaji hewa huigeuza ile pombe ikawa siki. Kitu kimoja kimepita hali tatu, na kila hali ina hukumu yake.

Katika Sahihi ya Imam Muslim kuna habari za zabibu zilizolowekwa kwa ajili ya Mtume, rehema na amani zimshukie, na kwamba hakuzidisha kuzinywa kupita siku ya tatu. Mimi si mufti, na masuala ya ndani zaidi, kama vile siki iliyogeuzwa kwa makusudi, nawaachia masheikh wetu. Ninalolitaka ni tujue kwamba wakati na joto vinabadilisha kinywaji. Juisi ya zabibu, ya nanasi au ya miwa iliyosahaulika kwenye joto mpaka ikatoa povu si juisi ile uliyoifunika. Usiiweke mezani ati kwa kuwa uliitengeneza mwenyewe.

Mipaka yake

Ndugu zangu, hapa ndipo penye hatari, na kama utasahau yote niliyosema, usisahau sehemu hii. Asidi ina nguvu lakini haiwezi kila kitu.

La kwanza ni maziwa mabichi. Ugonjwa wa brusela hutoka kwa ng'ombe, mbuzi na ngamia, na humfanya mtu awe na homa ya kwenda na kurudi na maumivu ya viungo kwa wiki nyingi. Bakteria wake wanaweza kubaki hai ndani ya maziwa yaliyochacha. Wengi wanapenda susa na lala za maziwa mabichi wakisema ladha ya kuchemsha inaharibu. Ladha ipo, lakini ugonjwa pia upo. Chemsha kwanza, kisha yapoe, kisha utie mbegu. Kwa namna hiyo unapata vyote viwili, uchachu na usalama.

La pili ni nafaka zenye ukungu. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu ya aflatoksini iliyokuwa ndani ya mahindi. Sumu hii hutolewa na kuvu inayoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Kupika hakuiondoi, na kuchachisha uji hakuwezi kutegemewa kuiondoa. Mahindi yaliyoota ukungu hayasafishwi kwa kuchacha. Dawa yake ni kukausha vizuri kabla ya kuweka ghalani.

La tatu ni mabaki ya wali, biriani na nyama. Haya hayachachi kwa usalama. Hayana mbegu nzuri wala chumvi ya kutosha, na bakteria aitwaye Bacillus cereus hupenda sana wali uliokaa kwenye joto. Sumu anayoitoa haiondoki hata ukipasha moto mpaka uchemke. Wali ukibaki baada ya futari, utandaze kwenye sinia upoe upesi, uweke kwenye friji kabla ya saa mbili kupita, au umpe jirani ale usiku ule ule. Usiuache sufuriani mpaka daku.

La nne ni dalili za kuharibika. Kabichi iliyochacha vizuri ina harufu kali safi na maji yenye weupe kidogo. Ukiona manyoya ya kijani, meusi au ya waridi, ukisikia utelezi, au harufu ya kitu kilichooza, tupa yote. Usikwangue juu ukala ya chini.

La tano ni kutia chumvi katika maneno. Mwanzoni mwa karne ya 20, Elie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur kule Paris alisema kwamba maziwa makali yanarefusha umri. Watu husema alipata tuzo ya Nobel ya mwaka 1908 kwa hilo, na si kweli. Aliipata pamoja na Paul Ehrlich kwa kazi ya kinga ya mwili. Leo pia wapo wauzaji wanaosema lala inatibu kila maradhi. Tunachokijua vizuri ni kwamba ni chakula chenye protini na kalsiamu, na kwamba mtu ambaye tumbo lake linasumbuliwa na maziwa matamu mara nyingi huivumilia, kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya sukari. Mwenye sukari, presha au ugonjwa wa muda mrefu aendelee na dawa za daktari wake.

Tufanye nini?

Ningependa kila kijana hapa afanye mambo mawili mwezi huu. La kwanza, amwendee bibi yake au mzee yeyote wa mtaa amuulize walivyokuwa wakihifadhi maziwa, samaki na nafaka kabla ya friji kuingia nyumbani. Ayaandike kwenye daftari, vipimo na siku zake, maana elimu hii imo vichwani mwa watu na watu wanaondoka. Wavulana msiseme hii ni kazi ya jikoni ya kina dada. Wafugaji wanaume wamekuwa wakishughulika na vibuyu vya maziwa malishoni miaka mingi.

La pili, ajaribu lita moja tu ya lala, kwa maziwa yaliyochemshwa, na aionje kila baada ya saa sita aandike inavyobadilika. Familia ya watu wachache inaweza kuitumia ile lita kwa daku pamoja na tende au uji, na ikibaki, ndiyo mbegu ya kesho. Hakuna cha kutupa.

Mwenyezi Mungu amewapa viumbe wadogo kabisa kazi ambayo inatulishia watoto. Ni juu yetu kuijua kazi hiyo ili tuitumie panapofaa, na tujizuie pale isipofika.

 Mwenye swali aulize sasa kabla hatujaenda kusaidia kuandaa futari.